Mume wa Nyangi

Sehemu ya Kumi na Mbili

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, shika hapa haraka tuendelee. Edinah, afisa wa watoto mwenye miaka kumi na sita kazini, alikuwa Suna, mjini Migori, kumkagua Nyangi kwa mara ya mwisho. Nyangi ni fundi wa kushona sare za shule, naye anaomba kumfanya mtoto Liz awe wake kisheria. Kesi ilikuwa Ijumaa, na ripoti ilibaki ukurasa mmoja tu. Mara mlango ukasukumwa, akaingia bibi kizee na fimbo yake, akaketi bila kukaribishwa, akasema, "Mtoto anayekuja hapa ni wangu. Mimi ndiye mume wa Nyangi."

Mtu mwingine angeruka. Edinah hakuruka. Goti lilikuwa linamuuma tangu asubuhi na alikuwa amechoka mno kushangaa.

"Rudia, Mama," akasema.

"Husikii Kiswahili yangu? Naitwa Nyasuguta. Huyu nilimwoa. Ng'ombe zilitoka kwangu zikaenda kwao, watu wakakula, wakakunywa. Muulize."

Edinah akamgeukia Nyangi. Nyangi alikuwa ameshika gauni dogo la rangi ya chungwa, sindano bado imechomekwa kwenye pindo.

"Ni kweli?"

"Madam, hayo ni mambo ya kitambo."

"Sikuuliza ni ya lini. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Haya, kwa nyinyi msiotoka Kuria, niwaeleze mara moja tu. Nyasuguta alifiwa na mumewe akaachwa na mabinti watatu, wote wakaolewa mbali, na boma likabaki bila mtu. Mila inamruhusu mwanamke wa aina hiyo atoe ng'ombe, aoe msichana, na watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Hakuna mambo ya chumbani kati ya hao wawili; msichana huzaa na mwanamume wa nje. Ni nyumba inayotafuta watoto, basi.

Nyangi aliolewa hivyo akiwa na miaka kumi na tisa. Akakaa miaka minne na mtoto hakuja. Akaenda Rongo kujifunza cherehani, na hakurudi tena. Lakini ng'ombe nao hawakurudi, na kwao, ng'ombe wasiporudi ndoa bado ipo.

Edinah alifungua faili ukurasa wa pili. Hapo, kwa mwandiko wa Nyangi mwenyewe, palikuwa na neno moja: hajaolewa.

"Umenidanganya."

"Sijakudanganya, madam. Fomu yenyu iko na visanduku. Ameolewa, hajaolewa, mjane, basi. Ukiweka ameolewa, wanataka jina ya mume, kitambulisho ya mume, kazi ya mume. Ningeandika nani? Niandike Nyasuguta, mkulima? Si mngenicheka hapo ofisini?"

Ni kweli wangecheka. Faili ingezungushwa meza zote kabla ya saa ya chai.

"Na wewe Mama, nani alikwambia habari za huyu mtoto?"

"Chifu. Alisoma barua kwa baraza. Barua ya serikali, inauliza Nyangi ni mtu wa namna gani."

Hapo Edinah akafunga faili. Barua ile aliiandika yeye. Sheria haikumtuma, mkubwa wake hakumtuma. Ni yeye mwenyewe aliyejiongezea sharti, kwamba kila mwombaji lazima chifu wa alikozaliwa aandikiwe, kwa sababu hakutaka tena kudanganywa na sebule safi.

Alikuwa na sababu. Miaka minane iliyopita aliwapitisha mke na mume wa Rongo, watu wa heshima, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti. Alikwenda mara mbili, na mara zote mbili alipiga simu kwanza. Wakampa chai na mandazi, naye akatia sahihi. Mtoto aliitwa Chrispine, umri wake miaka sita. Baada ya miezi saba walimrudisha kama nguo iliyowabana, eti anakojoa kitandani. Chrispine akamuuliza, "Madam, nilifanya nini?" Hajawahi kuombwa na mtu mwingine tangu siku hiyo, na Edinah hajalisahau swali lake.

Ndiyo maana kwenye semina ya Kisumu alisimama mbele ya watu akasema masharti ni mepesi mno. Yaongezwe. Mzazi achunguzwe mpaka jikoni. Wengine walipiga makofi, wengine wakaangalia simu zao.

Sasa sharti lake alilojiongezea lilikuwa limemletea mume mwenye fimbo.

"Nyangi, bakia ndani," akasema. "Mama, twende nje tuongee sisi wawili."

Langoni alisimama mwanamume wa makamo, ameegemea pikipiki. Alikuwa Nchagwa, mtoto wa shemeji yake Nyasuguta, ndiye aliyembeba bibi kutoka kwao. Alitabasamu kwa adabu nyingi kupita kiasi.

"Madam, si umeona mambo iko na shida? Hiyo kesi ifungwe tu."

"Subiri hapo hapo," Edinah akamwambia, akampeleka Nyasuguta nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo. Akatoa kalamu. Alishajua kitakachofuata. Bibi atasema anataka ng'ombe wake, au anataka mtoto wa kumchotea maji.

"Mama, umekuja kumzuia Nyangi?"

"Kumzuia kwa nini?" Nyasuguta alishangaa kweli kweli. "Mimi nataka mtoto. Nimengoja mtoto kwa hiyo nyumba miaka kumi na tano. Sasa Mungu ameleta kwa mkono ya serikali, mimi nikatae?"

"Ni msichana."

"Nani amekuuliza?"

"Si damu yenu, Mama. Aliokotwa sokoni Homa Bay akiwa na wiki mbili."

"Na Nyangi ni damu yetu? Mimi mwenyewe nilitoka wapi? Mtu anaingia kwa mlango, anapewa jina, anakula. Imeisha. Huyo ni wenu."

Edinah aliandika polepole. Kwa miaka kumi na sita alikuwa ameeleza jambo hilo kwa karatasi, kwa semina, kwa mabango, na hakuwahi kulisema kwa ufupi hivyo.

"Utaishi naye wewe?"

"Wapi! Akae na mamake hapa, asome. Aje likizo anione. Ajue ako na kwao."

"Na Nchagwa anasemaje?"

"Huyo alianza kupima shamba yangu siku nilikohoa mara ya kwanza."

Edinah nusura acheke. Akamsomea maandishi yote, bibi akaitikia, akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kukiweka chini ya maneno "sina pingamizi". Karatasi ikaingia mkobani.

Sasa, msomaji wangu, mtu mwenye akili za kawaida angerudi ndani amwambie Nyangi, "Tulia, mama amekubali." Edinah hakufanya hivyo. Alikuwa na kanuni: neno la upande mmoja halipelekwi upande wa pili mpaka ripoti ikamilike. Alirudi ndani na uso ule ule wa ofisini.

"Ijumaa nitamwomba jaji aahirishe," akasema. "Nitakupigia."

"Aahirishe mpaka lini?"

"Sijui."

"Madam, Liz anajua ni Ijumaa. Anahesabu na vidole. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

Nyangi alikaa chini sakafuni, gauni likiwa mapajani, akaanza kulia bila sauti. Edinah alimwonea huruma. Alitamani kumshika bega, na akaona haya kwa sababu hakumshika. Akachukua mkoba na mwavuli wake, akatoka, akawaacha wanawake wawili kwenye nyumba moja, mmoja ndani na mwingine bado uani, wala hakujiuliza wataongea nini.

*

Jumatano ofisini, mkubwa wake, Boaz, alisoma faili huku akimenya yai.

"Umejifunga mwenyewe, Edinah. Ukiandika ameolewa, mwenzake anaingia kwenye maombi. Huyo bibi ana miaka mingapi?"

"Kitambulisho kinasema sabini na nane."

"Sheria inamkataa. Ukiandika hajaolewa, umeapa uongo mbele ya jaji. Na jaji mwenyewe si wa huku. Akisoma mke na mume, wote wanawake, ataelewa kitu kingine kabisa. Atafunga faili kabla hujafungua mdomo."

"Nitamweleza."

"Utamweleza kwa dakika ngapi? Tukianza upya ni mwaka na nusu. Liz atakuwa na miaka mitano. Na unajua watu hawaombi wa miaka mitano." Boaz alipangusa vidole. "Kuna wale wa Homa Bay, Jeff na mkewe. Nyumba, gari, cheti cha ndoa, kila kitu. Faili yao haina doa. Mpe Liz hao."

"Hata ya wale wa Rongo haikuwa na doa."

Boaz alisukuma faili kando. Alikuwepo siku Chrispine aliporudishwa.

"Wewe si ndiye ulisimama Kisumu ukataka masharti yaongezwe?" akauliza, sasa kwa upole.

"Ndiyo. Na bado nataka."

"Basi haya ndiyo masharti yenyewe. Tunayaongeza, tunayaongeza, na watoto wanaota ndevu makaoni. Na wanaotaka mtoto kweli wanachoka na sisi, wanapita mlango wa nyuma. Unafikiri wale wanaonunua watoto hospitalini walizaliwa wezi? Wengine walikaa kwenye benchi lile pale nje mpaka wakachoka."

"Kwa hiyo tuache mlango wazi? Aingie yeyote?"

"Sikusema hivyo."

"Hakuna anayesema hivyo. Kila mtu ananiambia nilegeze, lakini mtoto akirudishwa ananiuliza mimi."

Simu yake ikalia. Ilikuwa namba ngeni.

"Madam, ni Nchagwa. Nilichukua namba yako kwa barua ya chifu. Nasema hivi, huyo mtoto wa kuokotwa asikanyage kwetu. Akikanyaga, tutaonana na sheria."

"Bwana Nchagwa, huna nafasi katika kesi hii."

"Nafasi natafuta," akasema, akakata.

Siku ile Edinah hakula mchana. Aliandika ripoti upya, akaandika ukweli wote: ndoa, ng'ombe, bibi, kidole gumba. Mwisho akaomba wiki mbili za kumweleza jaji mila hiyo, na akapendekeza kwa maneno yasiyopinda kwamba Liz apewe Nyangi. Aliisoma mara tatu. Ilikuwa ripoti nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na aliamini itakataliwa.

Alimpigia Nyangi mara mbili, simu ikaita mpaka ikakatika. Akampigia Susana, msimamizi wa makao ya watoto ya Homa Bay alikoishi Liz, akamwambia atafika Alhamisi saa nane.

*

Alifika Homa Bay saa tisa kasorobo, goti limevimba. Uani nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa hadi kwenye ua wa waya, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ilitoka jikoni. Susana alikuja mbio akipangusa mikono kwenye leso, mwanamke mnene, mchangamfu, wa kupenda watu.

"Karibu madam, tulidhani umetupoteza! Umeleta barua?"

"Barua gani?"

"Ya ruhusa. Ya Liz."

Edinah alisimama katikati ya ua.

"Liz yuko wapi, Mama Susana?"

"Si ameenda na mamake? Nyangi alikuja saa nne. Akasema madam amekubali, mtoto apelekwe kwa nyanyake akabarikiwe kabla ya korti kesho, jioni wanarudi. Nikamuuliza barua. Akasema barua iko na madam. Na wewe ulikuwa umeniambia unakuja saa nane. Nikaona ni hiyo unaleta."

"Sikumruhusu."

"Aai, yawa!" Susana alijishika kichwa. "Madam, huyo mama amekuja hapa kila Jumamosi miezi nane! Mtoto mwenyewe alikimbia akamrukia! Ningejuaje?"

Ukutani, kando ya mlango wa ofisi, palikuwa na karatasi imebandikwa. Edinah aliijua bila kuisoma, maana ni yeye aliyeiandika kwa kalamu nyekundu. Mtoto hatoki nje ya lango bila barua yenye sahihi ya afisa. Akitolewa, polisi waarifiwe saa hiyo hiyo.

Susana naye aliitazama.

"Tupige polisi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Madam, ni wewe uliandika."

"Ngoja."

Alipiga namba ya Nyangi. Safari hii simu ikapokelewa mara ya kwanza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwenye furaha. Nyuma yake wanawake walikuwa wakipiga vigelegele.

"Madam! Nilitaka kukupigia, chaji iliisha! Niko kwa Mama, huku nyumbani. Siku ile uliondoka, tuliongea na yeye mpaka jioni. Akaniambia amekuwekea kidole! Mbona hukuniambia? Nililia bure tu!"

"Nyangi, nisikilize vizuri..."

"Mtoto ameingia kwa mlango ya nyumba, madam. Amepewa jina. Amekula na watu. Sasa imeisha, hata jaji hawezi kumtoa, ako na kwao. Msikie huyu!" Na hapo sauti ya mtoto ikasikika, inacheka, inasema kuku, kuku, kuku.

Edinah alifumba macho. Nyangi aliamini kabisa anachosema. Kwao, mtoto akishaingia hivyo, jambo limekwisha, hakuna mtu wa kulivunja. Hakujua kwamba kwa sheria amemtoa mtoto wa serikali makaoni kwa uongo, siku moja kabla ya kesi yake.

"Mchukue sasa hivi umrudishe. Usingoje jioni. Ondoka sasa hivi."

"Kumrudisha wapi tena, madam? Si nimekwambia..." Vigelegele vikakatika. Nyangi naye akanyamaza, na aliporudi sauti ilikuwa imebadilika. "Madam. Gari ya polisi imeingia hapa. Nchagwa ako nao. Ni wewe umewatuma?"

"Sio mimi! Nyangi!"

Zikasikika sauti nyingi kwa pamoja, fimbo ikigonga kitu, Nyasuguta akitukana kwa Kikuria, na juu ya zote mtoto akilia. Kisha simu ikashikwa na mtu mwingine.

"Nani anaongea?"

"Edinah. Afisa wa watoto, Migori."

"Afadhali wewe. Mimi ni Sajini Bichage. Tumepata ripoti mtoto ameibwa kutoka makao ya Homa Bay. Huyu mama anasema hakuiba, anasema wewe ndiye ulimruhusu kumtoa. Nikikosa jibu yako, namfunga pingu sasa hivi. Ulimruhusu?"

Susana alikuwa amesimama karibu sana, anasikia kila neno.

Edinah aliona yote mawili. Akisema hapana, amesema kweli, na Nyangi anafungwa pingu mbele ya Liz, na hakuna jaji atakayempa mwizi wa watoto mtoto yeyote maisha yake yote. Liz atarudi kwenye kitanda chake hapa, naye ataanza kuuliza alifanya nini. Akisema ndiyo, ameivunja karatasi aliyoibandika kwa mkono wake, na kazi yake ya miaka kumi na sita ipo mikononi mwa sajini asiyemjua. Na kama amekosea kuhusu Nyangi, kama alivyokosea Rongo, hakuna ukaguzi mwingine uliobaki wa kumwokoa mtoto huyo. Aliogopa. Alitamani mtu mwingine aamue, mara moja tu.

"Madam? Nangoja. Ulimruhusu au hukumruhusu?"

Edinah alivuta kiti cha plastiki akaketi.

"Nilimruhusu," akasema. "Mtoto yuko kwa ruhusa yangu. Waache."

Sajini akashusha pumzi. "Sawa, madam. Basi hiyo barua ya ruhusa nitaitaka kesho asubuhi, hapo kortini." Simu ikakatika.

Susana hakusogea. Alikuwa ameshika kitabu cha lango, kile ambacho kila mtoto anayetoka lazima aandikwe, na kwenye mstari wa Liz nafasi ya sahihi ya afisa ilikuwa tupu.

"Madam," akasema hatimaye, machozi yakimtoka, "umeniambia hapa hapa, kwa mdomo yako, hukumruhusu. Mimi ni mtu wa kanisa. Kesho jaji akinishikisha Biblia aniulize, nimjibu nini?"